Msamaria Mwema anapogeuka mshtakiwa: Pengo la bima kwa wanaojitolea kubeba wagonjwa

Na MWANDISHI WETU

ASUBUHI ya Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani katikati mwa jiji la Nairobi, ambulensi zilizokuwapo hazikutosha kubeba maelfu ya waliojeruhiwa. Matatu, mabasi na magari ya watu binafsi ndiyo yaliyogeuzwa machela. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha jijini, na majeruhi wengi walifikishwa hospitalini wakiwa wamelazwa kwenye viti vya magari ya watu wasiowafahamu.

Hali hiyo haijabadilika sana. Ajali za barabarani pekee huua zaidi ya watu 4,000 nchini kila mwaka, kwa mujibu wa takwimu za miaka ya karibuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani (NTSA). Mafuriko, mioto katika mitaa ya mabanda na kina mama wanaoshikwa na uchungu usiku wa manane huongeza idadi ya wanaohitaji kufikishwa kwa daktari kwa haraka. Mara nyingi gari la kwanza kupatikana si ambulensi, bali ni la jirani, la mpita njia au pikipiki ya bodaboda.

Ndiyo maana si ajabu siku hizi kukuta chama cha wakazi, kanisa, msikiti au kikundi cha WhatsApp cha mtaa kikiwa na orodha ya madereva walio tayari kuamshwa wakati wowote. Ni desturi njema, na imeokoa maisha.

Lakini nyuma ya desturi hiyo kuna swali ambalo wengi hawajiulizi hadi mambo yanapoharibika. Gari likipata ajali njiani kuelekea hospitalini, nani atalipa? Ukizisoma sheria zilizopo, utaona kwamba katika hali nyingi jibu ni dereva mwenyewe. Si kwamba sheria inamchukia mwenye huruma. Iliandikwa tu bila kumfikiria.

Huruma si kinga

Sheria ya Kenya, iliyorithi misingi yake kutoka Uingereza, haimlazimishi mpita njia kumwokoa mtu asiyemhusu. Anayeona majeruhi kando ya barabara akaendelea na safari yake anaweza kusutwa na dhamiri, lakini si rahisi kufikishwa mahakamani kwa sababu hiyo.

Mambo hugeuka pale anaposimama na kumwingiza majeruhi garini. Tangu dakika hiyo anakuwa na wajbu wa kisheria wa kumwendesha kwa uangalifu, sawa na wajibu alio nao kwa watembea kwa miguu na madereva wengine. Kwamba halipwi, kwamba aliamshwa usingizini, au kwamba aliogopa mgonjwa angemfia njiani, hakumwondolei wajibu huo.

Mahakama hata hivyo hazifumbii macho mazingira ya dharura. Katika kesi ya Watt dhidi ya Baraza la Kaunti ya Hertfordshire, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1954, mzimamoto alijeruhiwa na jeki nzito iliyoteleza ndani ya lori lisilofaa kuibeba. Kikosi chake kilikuwa kikikimbilia kumwokoa mwanamke aliyenaswa chini ya gari. Majaji walisema hatari inayochukuliwa ni lazima ipimwe dhidi ya lengo lake, na kuokoa uhai ni lengo linalohalalisha hatari isiyo ya kawaida.

Hata hivyo, katika hukumu hiyo hiyo Jaji Denning alitahadharisha kwamba magari ya zimamoto, ambulensi na magari ya madaktari hayapaswi kupita taa nyekundu kwa kasi, kwa sababu hatari yake ni kubwa kupita kiasi. Maamuzi ya aina hiyo hayazifungi mahakama za Kenya, lakini husomwa na kuzingatiwa. Ikiwa hata ambulensi haina ruhusa ya kuendeshwa ovyo, mwenye gari la kibinafsi hawezi kuitarajia. Kuwasha taa za dharura na kupiga honi njia nzima hakulifanyi gari la nyumbani kuwa ambulensi.

Wanaoweza kumshtaki dereva huyo ni wengi. Yupo mgonjwa aliyeongezewa majeraha, yupo jamaa aliyekuwa akimshikilia kwenye kiti cha nyuma, na yupo mwendesha baiskeli aliyegongwa njiani. Iwapo kuna aliyefariki, familia yake inaweza kudai fidia chini ya Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo, Sura ya 32, na Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26.

Muda nao ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Sura ya 22 ya sheria za Kenya, inayoweka ukomo wa muda wa kufungua kesi, inatoa miaka mitatu kwa madai ya uzembe. Dereva anaweza kuletewa karatasi za mahakama wakati tukio lenyewe limeanza kumtoka akilini.

Juu ya madai ya fidia kuna upande wa jinai. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari. Bima inaweza kulipa fidia, lakini haiwezi kumtumikia mtu kifungo.

Shimo la kwanza: abiria asiyelipa

Kila gari linaloonekana barabarani linapaswa kuwa na bima ya mtu wa tatu chini ya Sura ya 405. Wenye magari wengi huamini kwamba mtu wa tatu ni kila mtu ambaye si mwenye gari wala kampuni ya bima. Imani hiyo ina kasoro.

Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinasema bima ya lazima haihitajiki kugharamia kifo wala majeraha ya watu waliobebwa ndani ya gari, au wanaolipanda na kulishuka, isipokuwa katika hali mbili. Hali ya kwanza ni gari linalobeba abiria kwa malipo. Ya pili ni abiria aliyemo kwa sababu ya mkataba wa ajira.

Kwa lugha nyepesi, mtembea kwa miguu aliyegongwa analindwa na bima ya lazima. Abiria wa matatu analindwa. Jirani aliyebebwa bure kupelekwa hospitalini halindwi.

Pengo hilo lina historia. Sheria ya Trafiki ya Uingereza ya mwaka 1930 ilikuwa na msamaha kama huo, na koloni ziliuiga zilipotunga sheria zao. Uingereza yenyewe iliufuta kwa sheria ya mwaka 1971 iliyoanza kutumika Desemba 1972, na tangu hapo kila abiria wa gari la kibinafsi nchini humo yumo katika bima ya lazima. Kenya ilibaki na mfano ambao mwalimu wake aliuacha zaidi ya nusu karne iliyopita.

Wapo wenye magari walionunua kinga zaidi. Bima kubwa ya gari la kibinafsi mara nyingi huwa na kipengele cha dhima kwa abiria, na katika bima nyingine kipengele hicho huongezwa kwa ada ya ziada. Mawakala wa bima hukiita PLL. Lakini mwenye bima ndogo ya mtu wa tatu, ambaye ndiye mwenye gari kuukuu linaloazimwa na mtaa mzima, asidhani kwamba anacho hadi akione kimeandikwa katika hati yake.

Hata palipo na bima, kuna kikomo. Tangu marekebisho ya mwaka 2006, sheria haiilazimishi bima hiyo kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja. Mtu aliyepooza akiwa na umri wa miaka 25 anaweza kutunukiwa na mahakama kiasi kinachozidi hapo. Kinachozidi huwa ni deni la aliyeshindwa katika kesi, na madalali hawaulizi kama alikuwa akifanya wema.

Shimo la pili: pesa za mafuta

Baadhi ya madereva hudhani kwamba njia ya kujinasua ni kupokea chochote kidogo ili abiria ahesabiwe kuwa amelipa. Hapo ndipo wanapotumbukia katika shimo la pili.

Bima ya gari la kibinafsi hutolewa kwa matumizi ya kijamii, ya nyumbani na ya starehe, pamoja na shughuli za mwenye gari. Hati hizo kwa kawaida hukataza waziwazi kubeba abiria kwa malipo. Gari likipata ajali na ikadhihirika kwamba familia ya mgonjwa ilikubaliana na dereva kumlipa Sh1,500, kampuni ya bima inapata hoja ya kukataa dai hilo, au kulipa kisha kumgeukia mwenye gari ili irejeshewe fedha zake.

Matokeo yake ni kitendawili. Dereva anayebeba bure ana abiria ambaye sheria haimlazimishi kumkatia bima. Anayepokea malipo ana abiria ambaye ni lazima awe na bima, lakini hati aliyo nayo haimtambui. Aliyefuata wema na aliyefuata pesa wote wanaweza kujikuta nje.

Je, Sh500 za mafuta zilizotolewa kwa shukrani baada ya safari ni malipo? Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, Baraza la Mabwana, ililigusia suala hilo mwaka 1971 katika kesi ya Albert dhidi ya shirika la Motor Insurers' Bureau. Ilihusu mfanyakazi aliyekuwa akiwabeba wenzake kazini mara kwa mara kwa pesa. Majaji walisema si lazima kuwe na mkataba unaoweza kutekelezwa mahakamani. La msingi ni kama ubebaji huo umevuka mipaka ya wema wa kawaida wa kijamii na kuwa shughuli ya utaratibu.

Kwa kipimo hicho, jirani anayetoa msaada mara moja na kupewa ahsante si mfanyabiashara. Lakini dereva aliye katika orodha ya mtaa, anayeitwa kila wiki na kupokea kiwango kinachojulikana, anakaribia mpaka huo, hata kama yeye na wanaomwita wanaendelea kuiita kazi yake kujitolea.

Mwenye gari aliyelala nyumbani

Hatari hiyo haimkabili aliyeshika usukani peke yake. Katika kesi ya Karisa dhidi ya Solanki ya mwaka 1969, mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba ikithibitishwa gari lilisababisha madhara kwa uzembe, inachukuliwa kuwa liliendeshwa na mtu ambaye mwenyewe anawajibika kwa matendo yake, mpaka athibitishe vinginevyo. Msimamo huo umekuwa ukinukuliwa mara kwa mara katika kesi za ajali nchini.

Hivyo anayetoa ufunguo usiku na kusema "chukueni gari mumpeleke mama hospitalini" hawezi kudai kwa urahisi kwamba hayakumhusu. Akiwa ndiye aliyetaka safari hiyo ifanywe, aliyeendesha anaweza kuhesabiwa kuwa wakala wake. Mambo huwa mabaya zaidi aliyeendesha asipokuwa na leseni ya aina ya gari hilo, au hati ya bima ikiwa imewataja watu mahususi wanaoruhusiwa kuliendesha.

Hoja hiyo hiyo inaweza kuwafikia wanaoratibu. Kanisa, chama cha wakazi au shirika linalompigia dereva simu, kumpa maelekezo na kumrejeshea gharama linaweza kuunganishwa katika kesi kwa madai kwamba alikuwa akilitumikia. Chama kisichosajiliwa hakina mali yake chenyewe, na viongozi wake ndio wanaoweza kuandikwa majina katika karatasi za mashtaka.

Bodaboda na funzo la kafyu

Walio katika hatari kubwa zaidi ni waendeshaji bodaboda, ambao katika maeneo mengi ndio ambulensi pekee. Sheria ya Trafiki inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu. Lakini mgonjwa aliyeishiwa nguvu hawezi kujishikilia, na mara nyingi hulazimika kukaa katikati ya mwendeshaji na jamaa wa kumshika. Safari hiyo, hata ikiwa ya kuokoa maisha, tayari imekiuka sheria kabla gurudumu halijazunguka, na wakili wa upande wa pili hatakosa kulitaja hilo.

Hatari nyingine ilidhihirika mwaka 2020. Serikali ilianzisha kafyu ya usiku Machi 27 mwaka huo kukabiliana na ugonjwa wa Covid-19. Katika siku zake za kwanza, mwendesha bodaboda mmoja wa Kaunti ya Kwale alifariki baada ya kupigwa na polisi alipokuwa ametoka kumpeleka mwanamke mjamzito hospitalini, kwa mujibu wa shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch. Shirika hilo lilisema watu wasiopungua sita waliuawa na polisi katika siku 10 za mwanzo za kafyu.

Kisa hicho kilionyesha kwamba nia njema isiyo na utambulisho wowote haina uzito mbele ya afisa aliye na amri ya kufunga barabara.

Kipindi hicho hicho kilitoa pia mfano wa namna mambo yanavyoweza kupangwa. Mwezi Aprili 2020, Dkt Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea udaktari wa uzazi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, aliona wajawazito wakishindwa kufika hospitalini usiku. Wito alioutoa mitandaoni ulizaa mpango wa Wheels for Life, uliotumia nambari ya bure 1195.

Aliyepiga simu alisikilizwa kwanza na mhudumu wa afya. Asiyekuwa katika hatari kubwa alitumiwa teksi ya kampuni ya Bolt, na aliyekuwa hatarini alitumiwa ambulensi. Somo lake ni kwamba msukumo ulikuwa wa kujitolea, lakini gari lililomfuata mgonjwa lilikuwa la mtu ambaye kubeba abiria ndiyo kazi yake. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, ila somo hilo bado lina thamani.

Wenzetu walivyofanya

Mataifa mengine yamejaribu njia mbalimbali. India, ambako wapita njia walikuwa wakiogopa kuwagusa majeruhi kwa hofu ya polisi na mahakama, ilichukua hatua baada ya shirika la SaveLIFE Foundation kwenda Mahakama ya Juu. Mwaka 2016 mahakama hiyo iliipa nguvu ya sheria miongozo ya kuwalinda Wasamaria Wema. Bunge lilifuata mwaka 2019 kwa kuongeza kifungu cha 134A katika sheria ya magari, kinachomkinga msaidizi dhidi ya kesi za madai na za jinai kuhusu majeraha au kifo cha aliyekuwa akimsaidia kwa nia njema.

Marekani ina sheria ya taifa ya kuwalinda wanaojitolea, iliyopitishwa mwaka 1997. Inawakinga wafanyakazi wa kujitolea wa mashirika yasiyo ya kibiashara dhidi ya madai ya uzembe wa kawaida. Lakini ina msamaha mmoja unaopaswa kusomwa na kila dereva: kinga hiyo haihusu madhara yanayotokana na kuendesha gari, chombo cha majini au ndege inayohitaji leseni au bima. Kwa maneno mengine, anayegawa chakula kambini analindwa, na anayewahamisha watu kwa gari anaelekezwa kwenye bima yake.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 2015 inayoitaka mahakama kuzingatia kama mshtakiwa alikuwa akitenda kwa manufaa ya jamii au kwa ushujaa. Haifuti dai, bali inampa jaji jambo la kupima. Lililosaidia zaidi lilikuja mwaka 2020, pale chama cha kampuni za bima nchini humo kilipotangaza kwamba wanaojitolea kutumia magari yao wakati wa Covid-19, wakiwemo wanaosafirisha wagonjwa chini ya mpango wa kitaifa, bima zao hazingeathiriwa. Tangazo moja liliondoa hofu ambayo kesi nyingi zisingeweza kuiondoa.

Jirani zetu Tanzania wamekwenda njia nyingine. Mpango wa m-mama, ulioanzia kanda ya Ziwa na kusambazwa nchini kote kuanzia mwaka 2022, hutumia nambari ya bure 115. Pale ambulensi inapokosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa mapema huitwa kumbeba mama au mtoto mchanga, na hulipwa kwa simu kwa kiwango kinachojulikana. Mpango huo haumwachii mtu kubahatisha kama anajitolea au anafanya kazi.

Kinga au bima?

Kilio cha kutaka sheria ya Msamaria Mwema nchini Kenya kina msingi, lakini mfano wa Marekani unaonyesha kwa nini kinga pekee haitoshi kwa dereva. Kinga humlinda aliyesaidia kwa kumfungia mlango aliyeumia. Mama aliyevunjika mgongo katika gari la jirani hana kosa lolote, na watoto wake watahitaji chakula hata kama jirani alikuwa na moyo wa dhahabu. Sheria inayomwambia avumilie kwa sababu alisaidiwa inahamisha mzigo kutoka kwa mwenye huruma hadi kwa mnyonge.

Bima inaulinda upande wote wawili. Hivyo marekebisho yenye maana zaidi ni yale ya kifungu cha 5 cha Sura ya 405, ili abiria wa gari la kibinafsi aingizwe katika bima ya lazima kama ilivyofanyika Uingereza. Pamoja na hayo, kiongezwe kifungu kifupi kinachosema kwamba kubeba mtu katika dharura, hata kama gharama ya mafuta imerejeshwa, hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni kubeba abiria kwa malipo.

Kampuni za bima zina hoja za kusikilizwa. Madai ya uongo yanayotolewa na watu ambao hawakuwamo garini yamezisumbua kwa miaka mingi, na kupanua kundi la wanaolindwa kunaweza kupandisha ada. Lakini rekodi ya simu iliyoita msaada na saa aliyopokelewa mgonjwa hospitalini ni ushahidi unaoweza kukaguliwa. Safari ya dharura ni rahisi kuthibitishwa kuliko safari nyingi nyingine.

Wakati Bunge likisubiriwa, Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA) inaweza kuzitaka kampuni zieleze kwa lugha nyepesi, katika hati za bima, msimamo wao kuhusu safari za dharura. Hilo halihitaji mswada.

Kabla ya kutoa jina lako

Kwa dereva anayefikiria kuingia katika orodha ya mtaa, la kwanza ni kumuuliza wakala wake wa bima maswali mawili na kudai majibu kwa maandishi: je, abiria asiyelipa analindwa, na kwa kiasi gani? Je, kubeba mgonjwa kwa kuitwa na chama cha wakazi ni matumizi yanayoruhusiwa? Jibu la mdomo halina kazi siku ya kesi.

La pili ni kutokubaliana bei na mgonjwa. Iwapo chama kinataka kurejesha gharama ya mafuta, kifanye hivyo chenyewe, kwa kiasi halisi na kwa stakabadhi. Chama chenye uwezo kingefanya vyema zaidi kuingia mkataba na mwenye teksi aliye na bima ya abiria.

La tatu ni kujua wakati wa kutobeba. Majeruhi anayeshukiwa kuumia shingo au uti wa mgongo anaweza kupata madhara makubwa kwa kukunjwa kwenye kiti. Ikiwa ambulensi inaweza kufika kwa wakati, ni heri kuwapigia polisi kwa 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199, na kubaki kando ya majeruhi.

La nne linahusu mlango wa hospitali. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaruhusu faini ya hadi Sh3 milioni kwa taasisi inayokataa kuyatoa ilhali ina uwezo. Dereva aliyemleta mgonjwa hana wajibu wa kulipa amana. Lakini akitia saini fomu ya mdhamini kwa haraka ya kutaka mgonjwa apokelewe, saini hiyo inaweza kumfunga, na hilo ni deni ambalo bima ya gari haliligusi.

Na ajali ikitokea, dereva asimame, atoe maelezo yake, aripoti kwa polisi katika muda wa saa 24 na kuijulisha kampuni ya bima bila kukawia. Wengi hupoteza haki zao si kwa sababu ya ajali yenyewe, bali kwa kunyamaza wakitumaini kwamba familia waliyoisaidia haitawashtaki.

Familia hiyo nayo isilaumiwe haraka. Mara nyingi haimshtaki jirani kwa chuki. Inamtaja kwa sababu bili ya hospitali ipo na hakuna mwingine wa kutajwa. Kadiri kifungu cha 5 kitakavyobaki kilivyo, nchi itaendelea kutegemea magari ya majirani kufidia uhaba wa ambulensi, huku ikiwaachia majirani hao na wagonjwa wao kugombania hasara ambayo ingepaswa kuwa imekatiwa bima.